Mei Dian

Wiki iliyopita mteja alileta kwenye karakana yangu, niliyoifungua mwenyewe baada ya kupata diploma yangu ya umeme, karavani kuukuu isiyowaka taa. Nilipofungua sanduku la betri, harufu ya asidi ilinirudisha Guangzhou, China, tulikoishi zamani, uani nyuma ya stoo ya Baba, alipotaka kununua karavani kama hiyo.

Nilikuwa binti wa miaka tisa, mkalimani wake. Fundi Mchina alibonyeza swichi, akasema, “Mei dian.”

Kwa Kichina changu nilichokiokota sokoni, dian ilikuwa duka. “Baba, anasema hakuna duka.”

Mjomba, aliyekuja kuitazama karavani nasi, alicheka mpaka akaegemea ukuta. “Shemeji, tafuta mkalimani. Huyu akacheze na midoli.”

Sikulia. Nilimvuta fundi mkono, nikamuuliza dian ipi. Akanionyesha vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe. Leo najua ni kutu ya asidi. Siku ile nilidhani chumvi. Akavikwangua, akakaza nyaya, taa ikawaka.

“Dian hii ni umeme, Baba, si duka. Ulikuwa haupiti.”

“Kabahatisha,” Mjomba akasema.

“Basi izime, Mjomba, uiwashe mwenyewe.”

Akaizima, akaiwasha, ikawaka. Mkalimani mwingine hakutafutwa tena.