Guigoz arobaini za unga

Papa Cyprien alichunga depo ya chakula ya paruasi yetu, yaani parokia, hapa Keshero, kwa miaka kumi na mbili. Hakuwa na mizani. Alipima kila kitu kwa guigoz, kopo la maziwa ya unga, kisha mimi, karani wake, niliandika kwenye faili ya ordinatere, kompyuta ya paruasi: maharagi guigoz 30, unga guigoz 40.

Kamati ya depo ikataka kilo. Nilipima guigoz moja ya maharagi, nikapata kilo mbili. Halafu nikaipa ordinatere kanuni moja: kila namba inayofuata neno guigoz, izidishe kwa mbili, uandike kilo. Mistari mia tatu ikageuka mara moja. Nilijiona mwenye akili.

Lakini unga ni mwepesi kuliko maharagi, na sikufikiria hilo. Kamati ilipoleta mizani, faili ilisema unga kilo 80, mizani ikasema 56.

“Kumbe Papa Cyprien, wakimbizi wa Munigi wanalala njaa, weye unashiba bugali!” akasema Mama Philomène, prezidenti wa kamati. Watu wakacheka.

Muzee aliweka ufunguo juu ya meza, akatoka. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kosa, na nikanyamaza.

Nilinyamaza siku nne. Jumapili, baada ya misa, nikasimama mbele ya watu nikasema yote. Mama Philomène akamunyooshea Papa Cyprien ufunguo.

“Mupatie ile ordinatere,” muzee akasema. “Yenyewe haichekwe.”

Tangu siku ile tunasalimiana, lakini sijaweza kumuangalia usoni.