Moto Uliokimbia Sumaku

Tulikuwa tunaanika usipa, dagaa wa ziwani, ufukweni, jirani yangu Bonifasia akaninong'oneza. "Mama Albina, kikohozi cha mwanao si cha bure. Mzee Sixbert ana sumaku inayovuta hewa. Kasema mwenyewe kilabuni! Ndiyo inayomnyonya mtoto pumzi. Kesho kuna mkutano wa kijiji, ahamishwe."

Nilimfunga Albina mgongoni nikaenda kwa mzee nimefura kwa hasira. Hata shikamoo sikutoa.

Mzee Sixbert alichomelea vyuma kwenye karakana ya kiwanda cha kahawa kule Mbinga miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi wakampunguza kazini. Akarudi ziwani na macho yaliyoharibiwa na mwanga wa kuchomelea, na sumaku mbili za spika mbovu.

"Unamla mwanangu!" nikamwambia.

Akatupa fimbo yake chini. "Nilisema inavuta hewa, ndiyo! Wale walevi hawakungoja nimalize."

Akazisimamisha sumaku juu ya tofali, zikiangaliana kwa karibu, akawasha mshumaa katikati.

"Ndani ya hewa kuna oksijeni. Kila chembe yake ni sumaku ndogo. Wewe si unacheza chioda? Ngoma ikilia mnaigeukia, mstari mmoja. Mkicheza juu ya makaa je?"

"Tutarukaruka ovyo."

"Nani atakumbuka kugeukia ngoma? Ndivyo joto linavyozirusha chembe, sumaku inashindwa kuzipanga. Hewa ya baridi ndiyo inayovutwa zaidi, inausukuma moto nje. Na mvuto wenyewe hauinui hata unyoya wa kuku! Utamnyima mtoto pumzi?"

Albina akakohoa mgongoni, kikohozi kile kile cha nyumbani, hakikuongezeka wala kupungua mbele ya sumaku. Hasira yangu ikamhama mzee. Siku nne namfukiza mtoto majani kwa maneno ya Bonifasia, na zahanati naiona kutoka mlangoni kwangu!

"Moto umefanya nini?" mzee akauliza. "Mimi naona ukungu wa njano tu."

Niliinama. Nikazuia pumzi yangu nisiupeperushe.

"Umeinamia nje, babu. Umezikimbia sumaku."

Akaipapasa fimbo yake sakafuni.

"Basi mpeleke mtoto zahanati sasa hivi. Na kesho, mjukuu wangu, simama mkutanoni mbele ya Bonifasia useme hivyo hivyo. Wakiniuliza mimi kama nimeuona moto ukiinama, kwa macho haya siwezi kuapa."