Kikombe cha Omari

Mwanangu, katika Idi zote nilizokula hapa Dubai, ipo moja naikumbuka kila mwaka, na siikumbuki kwa raha.

Nilikuwa bado kijana, nimepanga mtaa wa Karama na mke wangu na binti yetu Zuhura, wa miaka saba. Jirani yetu Omari, fundi bomba, alikuwa wa kabila la Waaweer, kutoka bara ya Lamu kama sisi. Waaweer ndio wenyeji wa msitu wa huko kwetu. Babu zetu waliufyeka wakalima, kisha wakawaita wenyeji hao "watu wa porini", wala hawakunywea nao chombo kimoja. Nami, Mungu anisamehe, Omari alipokuja kututengenezea bomba alinywea kikombe cha bati. Nilikinunua mimi. Kilikaa peke yake chini ya sinki.

Idi ile, sisi wajukuu wa wale waliofyeka tulikubaliana kumwomba radhi kwa ardhi ya kwao. Wanaume tukakaa naye ukumbini. Watoto nikawafukuza: "Yalla, chumbani! Haya ni ya wakubwa."

Nikasema yote, shamba kwa shamba. Omari akafuta macho, akanishika mkono. "Nimesikia, ndugu yangu."

Nikaita kahawa. Zuhura akatoka na sinia: vikombe vya kauri, na kile cha bati. Akampa Omari.

"Mpe kizuri!" nikamnong'oneza.

"Lakini baba, hiki ndicho chake. Hatuvichanganyi."

Mmoja wetu akacheka, akajifanya anakohoa.

Omari aliinywa kahawa yote, taratibu. "Ahsante, binti yangu. Kahawa tamu." Kisha akanigeukia. "Umesema vizuri. Ila nyumba yako haijakusikia."

Akanyanyuka, akatoka; nikamfuata hadi kwenye lifti. "Khalas, yametosha," akasema, "rudi kwa wageni wako." Hakukanyaga tena kwangu. Mkataba wake ulipoisha alirudi kwao, na simu zangu hakuzipokea.

Zuhura hakukosa. Alijifunza kwa kututazama, na siku ya kujifunza upya nilimfungia mlango.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kupatana na watu mliowanyang'anya ardhi, usimalizane na wakubwa wenzako tu. Waite majirani, waweke watoto katikati. Wasikie babu zao walifanya nini, na wasikie kwa waliofanyiwa. Waache waulize, hata yanayoaibisha. Na kabla ya hayo yote, chungulia chini ya sinki lako. Mimi nilichelewa, wewe bado unaweza.

Mungu akujaalie watoto wasiorithi kikombe changu, na mgeni wako akinyanyuka, anyanyuke akijua atarudi.