Msungo wa Juu ya Mkorosho

Mjukuu wangu amekuja likizo hapa Masasi na mkoba umejaa vitabu vya katuni za Kijapani. Anaviita manga. Kitabu chenyewe kinaanzia nyuma, unafungua pale ambapo mtu mwenye akili zake angefunga, na watu wake wana macho makubwa kama bundi. Mimi kusoma nilijifunzia kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la korosho, nikiwa tayari na watoto wawili, kwa hiyo vitabu siviogopi wala sivipigii magoti. Nikamwambia, kaa hapa barazani, wewe soma, mimi nachambua mbaazi, nisikie hicho kinachokufanya usahau hata kula.

Akanisomea. Kuna msichana, nywele zake rangi ya bibo lililoiva, amepewa filimbi ya ajabu. Giza likiuvamia mji wao, yeye peke yake ndiye wa kuipuliza, na giza linakimbia. Lakini kila akipuliza, mtu mmoja wa mji ule anamsahau. Wakaanza wenzake wa shule, akafuata jirani, halafu siku moja mama yake mzazi anamfungulia mlango na kumwuliza, wewe binti wa nani? Na kuna kijana anampenda. Msichana anajua zamu ya yule kijana itafika. Hapo mjukuu wangu akajifuta macho kwa pindo la kanga yangu. Kitabu cha mwisho hana, hajakipata.

"Bibi, unadhani ataacha kupuliza?"

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia huyo msichana mimi namfahamu, nimelala naye mkeka mmoja.

Sasa na wewe msomaji kaa, nikueleze kama nilivyomweleza yeye.

Mimi ni wa Newala, upande ule ambao ardhi inakatika na kuteremka kuelekea Ruvuma. Ukisimama ukingoni unaona Msumbiji imelala bluu kule chini, nzuri, kama haina neno na mtu. Juu kwetu maji hayakuwapo. Alfajiri tulishuka bondeni na madebe, tukapanda nayo kichwani, shingo imekaza, mchanga mwekundu unateleza chini ya nyayo, na ukimwaga njiani hakuna wa kukupa pole, utarudi chini. Nilikulia kwa bibi yangu, mama wa mama. Nyumba yake ilinuka moshi wa korosho za kubangua. Zile korosho mafuta yake yanachuna vidole mpaka ngozi inatoka kama ganda la kitunguu. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, na kiangazi tuliingia porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya kuchemsha, mitamu mpaka unasahau jembe lilivyokuumiza mgongo. Bibi yangu alikuwa kungwi. Hakuna binti kijijini aliyekuwa mwanamke bila kupita mkononi mwake. Mkono wenyewe ulikuwa mgumu. Alikuwa akisema, "Mimi sipendi watu, mimi nawatengeneza."

Vita ya Msumbiji ilipowaka, watu wakaanza kuvuka mto. Katika hao alikuja msichana mmoja wa rika langu, peke yake. Ndege za Wareno zilikuwa zimemmalizia mama na wadogo zake shambani, yeye akabaki kwa kuwa alikwenda kuokota kuni. Bibi akamchukua. Watu wakasema bibi ana huruma. Nyumba ilihitaji mtu wa kuteka maji, huo ndio ukweli, na huruma kidogo.

Siku moja tunapanda na maji, tuko katikati ya mlima, yule msichana akatupa debe lake, maji yote chini, akalala kifudifudi kwenye majani. Wanawake wakacheka. "Huyu wa ng'ambo kapandwa na nini?" Mmoja akampiga teke la utani. Hawajamaliza kucheka, ndege ikatokea juu ya vichwa vyetu, chini kabisa, tukaona mpaka misumari yake. Ilikwenda kuangusha mabomu kijiji cha jirani.

Ikatokea tena, na tena. Anasimama katikati ya kazi, mchi hewani, anageuza shingo. Sisi hatusikii kitu. Anasema, "Inakuja." Na inakuja.

Wazee walisema amepewa. Mimi leo nasema ni hofu tu, hofu ilimfungua masikio, lakini wakati ule ungesema hivyo ungechapwa. Mwenyekiti wa kijiji akaja kwa bibi wakakaa, wakaamua. Kwenye mkorosho mkubwa wa ukingoni likatundikwa rimu la gari bovu na kipande cha nondo. Msichana kazi yake ikawa kukaa juu ya mti ule kutwa nzima. Akisikia, anagonga. Rimu likilia, kijiji kizima kinatumbukia mahandakini, wenye vidonda, wenye mimba, mwalimu na wanafunzi wake, na baadaye tunatoka tumejaa vumbi tukiwa hai. Mahandaki yalichimbwa yakatosha watu wote. Wa juu ya mti hakuna aliyemwuliza yeye anakimbilia wapi.

Walimheshimu, usidhani hawakumheshimu. Walimpelekea chakula, tena kizuri. Lakini watoto hawakucheza naye, walisema akikugusa utazisikia ndege na wewe. Wanawake wakimwona anapita walinyamaza. Usiku alilala kwangu mgongo kwa mgongo, na alikuwa akiniambia, "Nisimulie leo mmecheza nini." Namsimulia. Ananiambia rudia. Nilichoka kurudia.

Ulipofika mwaka wetu wa chiputu, yaani unyago wa kwetu, mimi nikaingia na rika langu lote. Yeye bibi akamkatalia. Alilifikiri jambo lile kwa akili yake ya ukungwi akaona hivi: masikio yale ni ya kitoto. Mtoto akichezwa unyago anafunguliwa mambo ya wakubwa na kufungwa mambo ya kitoto. Tukimcheza huyu, tutamfunga masikio, na kijiji kitakufa. Mwenyekiti akakubali. Mwalimu, mtu wa bara huyo, mwenye suruali na saa ya mkononi, naye akakubali, maana na yeye alikuwa anaingia handaki lilelile.

Basi sisi tukatoka wanawake, tumepakwa mafuta tunang'aa, yeye akabaki msungo, asiyechezwa. Wewe kama si wa huku hujui neno hilo lilivyo. Msungo haingii chumba cha mzazi. Msungo haoshi maiti. Wakubwa wakizungumza msungo anafukuzwa kama kuku. Na msungo haolewi, hata awe na matiti na nyonga kama mtungi, ni mtoto.

Hapo akatokea kijana wa mgambo. Mtu wa Lukuledi, aliletwa kulinda ukingo, na zamu yake ilikuwa chini ya mkorosho uleule. Bunduki yake kuukuu, sijui kama ilikuwa na risasi. Alimrushia ming'oko ya kuchemsha, yeye juu anaidaka. Wakawa wanazungumza kutwa, mmoja chini mmoja juu, bila kuonana vizuri kwa ajili ya majani. Kwa mara ya kwanza nikamsikia yule msichana akicheka, tena kwa sauti mbaya, kama mlango usiotiwa mafuta.

Kijana akamtuma mjomba wake. Mjomba akaja amevaa kanzu, akapiga hodi, akaamkia, akasema amekuja kuomba mke. Bibi alikuwa anabangua korosho, hakuinua hata kichwa.

"Mke yupi, mwanangu?"

"Yule wa kwenye mkorosho, mama."

"Hapa kwangu mwanamke ni mmoja," bibi akaninyooshea kidole, "yule wa mtini ni mtoto. Mtaoa mtoto nyie watu wa Lukuledi?"

Mjomba akacheka kwa aibu, akasema watasubiri achezwe.

Msichana alipopata habari, akaomba achezwe kiangazi kile. Akakataliwa. Ndipo akaanza kusema, "Mimi sisikii tena." Asubuhi anapanda mtini, jioni anashuka, anasema sisikii, yameziba. Bibi akamjaribu. Alinong'ona nyuma yake, akadondosha sindano, akamwita kwa jina la mama yake marehemu. Msichana hakugeuka. Jina la mama yake! Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona kidole chake cha mguu kikijikunja mchangani. Nilinyamaza.

Ndege nazo zilikuwa zimepungua mwaka ule. Bibi akasema basi, limekwisha, aingie na hawa wadogo.

Siku ya kuingia wali, wale mabinti wa kuchezwa, walikaa uwanjani kwa mstari, wamefunikwa kaniki gubigubi. Mwali haoni, hasemi, hajifunui. Akijifunua mbele ya watu, hasa mbele ya wanaume, amejiharibia, hakuna wa kumrudisha tena chini ya ile nguo. Sheria hiyo hata mtoto wa kunyonya kule kwetu aliijua. Yeye alikuwa wa mwisho kwenye mstari, amewazidi wale vitoto mabega na kichwa, kama mbuyu kwenye shamba la karanga. Watu walimcheka. "Mwali huyu atatuzalia wajukuu kesho kutwa!" Ngoma zikapigwa mpaka kifua kinatetema. Vigelegele, vumbi, kijiji kizima kiko peupe. Kijana wa mgambo amesimama na wanaume pembeni, amechana nywele.

Nilikuwa nyuma ya yule msichana, kazi yangu kumpepea. Nikaona kaniki imetulia. Halafu shingo ikageuka ndani ya nguo.

Hakuinuka mara moja. Hilo nataka ulijue, na mjukuu wangu nilimwambia hivyohivyo. Alikaa. Nikaona nguo inavutwa ndani na kutoka pale penye mdomo. Alikuwa na kijana pale pembeni, na nyumba Lukuledi, na kuitwa mama fulani. Angekaa tu. Ngoma zile, nani angemlaumu kwa kutosikia? Alikwisha kuwaambia wote kwamba hasikii.

Akaivua kaniki akaitupa. Akapita katikati ya ngoma kichwa wazi, kifua wazi, mbele ya wanaume wote, akakimbilia rimu.

Tuliingia mahandakini. Ndege ziliangusha mabomu mawili pale pale uwanjani. Kibanda cha wali kiliungua, ngoma kubwa ikapasuka, mbuzi wa mwenyekiti wakatapakaa. Mtu hakufa hata mmoja. Tulipotoka, yeye alikuwa bado anagonga, hajui kama zimeondoka au hataki kuacha. Bibi akamwendea, mchanga kwenye kope. Nilidhani atamkumbatia.

"Kumbe unasikia," akamwambia. "Ulitaka kutuua kwa ajili ya mwanamume."

Akampa kanga ajifunike. "Umejifunua. Kwangu hutachezwa tena, wala kwa kungwi mwingine. Rudi kwenye mti wako."

Jioni ile watu walichinja waliobaki katika wale mbuzi, wakala wakashukuru Mungu. Yeye walimpelekea paja.

Mjomba wa Lukuledi alirudi baada ya mavuno. Bibi akamkumbusha kwamba mwanamke ndani ya nyumba ile ni mmoja. Ndiyo, ni mimi. Usinikodolee macho, sikumwibia mtu. Nilipewa mume nikapokea, kama tulivyopewa wote. Siku ya kuondoka nilikwenda mkorosho ule kuaga. Hakushuka. Aliniambia kutoka juu, "Akilala anakoroma. Usimwamshe, anakuwa mkali. Mimi namsikia siku zote." Alisema kweli. Mume wangu alikoroma maisha yake yote, na zipo nyakati alikuwa anakoma kukoroma, anafungua macho gizani, anasikiliza. Nilikuwa najua anasikiliza nini. Sikuwahi kumwuliza.

Vita vikaisha. Ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa, nyumba zetu zikabomolewa, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara. Mahandaki yakajazwa takataka, juu yake ikapandwa mihogo. Bibi alikufa akiwa na heshima zake zote. Mimi na mume wangu tukaja Masasi, nikaanza na sinia moja la korosho za kukaanga stendi, na leo nyumba hii na ile ya jirani ni zangu, uliza mtaani. Yule msichana alibaki. Kila asubuhi alitembea kutoka kijiji kipya mpaka mkorosho wa zamani, anakaa chini yake, maana kupanda hakuweza tena, anasikiliza. Rimu walikuwa wamelipeleka shuleni. Linawaita watoto kwenye uji. Watoto wenyewe walimwita "mtoto", na yeye nywele zimekuwa nyeupe. Shikamoo hakuna aliyempa. Shikamoo anapewa mkubwa.

Alipofariki nilipanda gari nikaenda. Kumwosha, wanawake walibishana kwanza nani amguse. Akazikwa upande wa watoto, kaburi fupi, mpaka ikabidi magoti yake yapindishwe kidogo, matanga hakuna. Waliochimba walikuwa wazee, wale wale waliowahi kubebwa migongoni kuingizwa handakini. Nilisema, huyu mpeni matanga. Mmoja wao akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, matanga ya mtoto yanakaliwa wapi?" Nikapanda gari nikarudi.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho, kitabu amekikumbatia.

"Sasa Bibi, kwa nini hakukaa tu ndani ya nguo?"

"Nilikuwa nyuma yake nampepea," nikamwambia. "Na mama yako angetoka wapi?"

Alirudi kwenye kitabu chake, akafungua kule nyuma kunakoanzia.

Hapa Masasi ndege hupita mara moja moja, juu sana, nyeupe, na watoto wa mtaani hutoka mbio kuzipungia mikono. Mjukuu wangu naye siku hizi hutoka barazani, hapungi mkono, anasimama tu kabla haijaonekana, ameinamisha kichwa upande mmoja, anajaribu. Mimi nakaa na ungo wangu. Nimejaribu na mimi, miaka yote hii. Kila mara huisikia ikiwa imeshafika.