Marehemu Aliyeketi kwenye Kiti cha Plastiki

Wateja wanaoniletea picha za ibada ya ukumbusho huniomba mambo yaleyale. Ondoa mikunjo, futa doa la chai, mrudishie baba jicho lililoliwa na mende. Huyu wa Siakago aliomba kinyume.

Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, koti limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi. Aliingia studio yangu hapa Embu mjini, akatoa picha ya rangi kwenye bahasha.

"Ni marehemu mama," alisema. "Mfanye kijana. Ondoa hizi mvi, mzibe pengo la meno. Ukimaliza, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, ionekane kuukuu."

Niliipindua nione mgongo wake. Karatasi ilikuwa mpya. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na nyuma yake palikuwa na tangi jeusi la maji.

"Mama alifariki lini?"

"Siku niliyozaliwa."

Shaka ikaniingia. Aliyefariki miaka hamsini iliyopita mvi alizitoa wapi? Na hilo tangi?

Niliwahi kuumwa na nyoka kwa kazi hii. Mteja mmoja aliniomba nimsimamishe kando ya mzee fulani kwa kompyuta, nikadhani ni pambo la sebuleni. Baadaye watoto wa yule mzee walikuja dukani wameishika ile picha, wakiniuliza huyu ndugu yao anayedai shamba nimemtoa wapi. Tangu hapo kila mteja kwangu ni mwongo hadi anionyeshe vinginevyo.

Nikamwambia alete barua ya chifu ya kuthibitisha marehemu ni nani.

"Madam, barua ya chifu ili nimkumbuke mama yangu?"

"Basi njoo na mtu wa familia."

Aliondoka bila kuaga, picha akaiacha mezani. Niliitia kwenye kompyuta, nikahifadhi nakala, polisi wasije kuniuliza nikakosa la kusema.

Alhamisi alirudi na mwanamke mzee, shosho anayetembelea fimbo. Nilisimama ghafla. Alikuwa yule yule wa kwenye picha.

"Wewe ndiye umekataa kumtengeneza dada yangu?" aliuliza, akaketi kabla sijamkaribisha.

"Shosho, hii picha ni yako."

"Ni yangu. Dada alikuwa na moja tu, ikaungua na nyumba. Tulifanana kama shilingi kwa ya pili. Huyu nimemlea mimi. Anataka mama yake awe pale mezani siku ya ibada, kama wa watu wengine."

Mwanamume aliinamisha kichwa. "Niliona aibu kusema sijui sura ya mama."

Hata hapo sikuamini yote. Nilimketisha shosho karibu na kompyuta, nikawa namuuliza kama wakili. Masikio ya dada yako? Yametogwa, tundu kubwa kuliko zangu. Pua? Nyembamba. Alicheka vipi? Amefunga mdomo. Baada ya saa nzima nikarudia la masikio, nikitaka ajikwae. Akanijibu vile vile, bila kufikiri. Nywele zilipokuwa nyeusi na mashavu yamejaa, aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapo. Usiguse tena."

Nilitoa sharti moja: chini iandikwe kwamba picha imetengenezwa kwa kumbukumbu ya dada yake. Mwanamume akakataa, akisema watu watacheka.

"Wacha wacheke," shosho akamwambia. "Wewe unataka mama au unataka uongo?"

Jumamosi nilienda Siakago kwenye ibada. Sikualikwa, nilitaka kuona kama kuna kaburi. Lilikuwepo, limewekwa vigae vipya, nyasi kando yake zimefyekwa. Picha ilisimama kwenye meza yenye kitambaa cheupe, yale maandishi yakiwa chini yake. Bibi mmoja wa rika la marehemu aliisogelea, akaishika ukingoni, akaitazama muda mrefu. Mimi nikajikunyata nyuma, nikingoja aseme si yeye.

"Kidevu," alisema mwishowe. "Chake kilikuwa kifupi."

Jumatatu yule mwana alinipigia simu. "Madam, hicho kidevu kinaweza kurekebishwa?"

Nilimwambia kinaweza, ila aje na yule bibi.