Yowe Lililotangazwa Kanisani

Sipendi filamu za kutisha. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani naisifu filamu ya mdogo wangu kwa sababu ni ya aina niipendayo. Nina duka la vyombo Hedaru, kando ya barabara kuu, na mchana kutwa nasikia malori yakifunga breki. Hofu ninayoipata hapo inanitosha. Lakini filamu ile nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyokiri kwa wateja wangu, na bado inanichekesha.

Mdogo wangu wa kike alikuwa mwalimu wa sekondari. Baba alimsomesha kwa tangawizi ya shambani kwetu Mamba, gunia kwa gunia, na siku alipopata ajira ya serikali baba alitoa sadaka ya shukrani kanisani. Miaka michache baadaye akaacha kazi, akanunua kamera, akarudi nyumbani milimani na kusema kwamba anatengeneza filamu ya muuaji anayewamaliza watu wa kijiji mmoja baada ya mwingine. Baba ni mzee wa kanisa. Hakugomba wala hakumfukuza. Aliacha tu kusema naye.

Mgeni asingegundua. Walikula meza moja na kwenda ibadani njia moja. Lakini baba akitaka chumvi iliyokuwa mbele ya mdogo wangu, aliniambia mimi nimwambie yeye. Nisipokuwepo, alimwambia paka. Mara moja nilimweleza kuwa anamuumiza mtoto, akanijibu, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akaendelea kuosha tangawizi zake. Mdogo wangu naye alikuwa akisema haidhuru. Ilimdhuru. Tulikuwa tunalala chumba kimoja kila nilipopanda, na najua alivyokuwa akigeukia ukutani.

Ndiyo maana aliponiomba nikamsaidie, nilifunga duka. Kutoka Hedaru kwenda kwetu lazima ufike Same kwanza, kisha uizunguke milima upande wa pili na kupanda, na njia nzima nilikuwa nimenuna. Nilijiambia naenda kumtazama akishindwa ili awepo mtu wa kumrudisha nyumbani.

Hakuwa na kampuni wala mfadhili. Alichokuwa nacho ni msaragambo. Kwetu mfereji ukibomoka, au ndiva, bwawa letu la maji ya kumwagilia, ikijaa tope na maji yasikae, msaragambo unaitishwa: kila kaya inatoa mtu na chombo chake, kazi inafanywa kwa pamoja, kisha watu wanakula makande na kutawanyika. Mdogo wangu alipita nyumba kwa nyumba akiomba msaragambo wa filamu. Nilidhani watamcheka, nao walimcheka, kisha wakaja. Fundi seremala alikuja na ngazi ya kupandia mwenye kamera. Akina mama wa kikundi cha tangawizi walileta magunia, na gunia moja lilitobolewa macho likawa kichwa cha muuaji. Bibi mmoja jirani yetu alijitolea kuuawa, kwa sharti kwamba auawe akiwa amevaa kitenge chake kipya.

Mimi nilipewa kazi ya kupika makande na damu. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Yetu ilikuwa maji matupu mpaka nilipoiongezea uji wa unga wa muhogo. Niliipika kwa rozela na sukari, ikatoka nyekundu iliyoiva, nzuri hasa, ila nyuki waliipenda kuliko sisi. Kuna maiti mmoja kwenye filamu anaonekana akimfukuza nyuki puani. Mwingine analamba shavu. Mdogo wangu alipoona hayo kwenye kioo cha kamera siku ya kwanza, alikaa chini na kushika kichwa, maana alikuwa amepanga filamu ya kutisha tu, isiyo na mzaha hata kidogo.

Kilichobadilisha mambo ni binamu yetu. Huyu ni dereva wa bodaboda, mrefu, mwenye mabega, na kwa umbo ndiye aliyefaa kuwa muuaji. Kwa moyo hafai kuua kuku. Siku ya kumuua bibi jirani, alitokea nyuma ya migomba akiwa na gunia kichwani na panga mkononi, akatembea polepole kama alivyofundishwa, na hata mimi nilisikia nywele zikinisimama. Bibi akageuka. Muuaji akasimama. Kisha kutoka ndani ya gunia ikatoka sauti ya upole, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

Akanyanyua panga.

Tulicheka mpaka ngazi ikatikisika. Binamu alivua gunia akiwa amefadhaika kweli, akamwambia mdogo wangu, "Dada, samahani. Huyu ni bibi. Nitampitaje bila kumwamkia?" Wakarudia. Akaamkia tena, safari hii kwa kunong'ona, akidhani kamera haitasikia. Mara ya tatu bibi mwenyewe alikasirika kwa sababu hakuamkiwa, akakataa kufa.

Ni hapo nilipoanza kumheshimu mdogo wangu kwa kazi yake, si kwa udugu. Mwongozaji mwingine angetafuta muuaji mwingine. Yeye alitembea mpaka kwenye mfereji, akanawa uso, akarudi na kusema, "Basi ataamkia wote. Kila atakayemuua, kwanza atamwamkia." Na hakukosea. Ukiitazama sasa, shikamoo ile inatisha kuliko panga, maana hujui ucheke au ukimbie, na mwisho wake unafanya yote mawili.

Likabaki tukio la mwisho. Binti wa mwisho kubaki hai anakimbilia bondeni asubuhi, kwenye ukungu, anaanguka, anapiga yowe, na hakuna anayekuja. Yowe lile ndilo lililomsumbua mdogo wangu. Kwetu yowe halipigwi ovyo. Likipigwa, milima yote inaitika, na watu wanatoka na walichonacho mkononi. Akaandika tangazo na kulipeleka kanisani, lisomwe na matangazo mengine: wiki hii yowe likisikika bondeni asubuhi, watu wasishtuke, ni filamu. Na msomaji wa matangazo Jumapili ile alikuwa baba.

Alilisoma. Alilisoma kati ya tangazo la ndoa na la usafi wa kanisa, kwa sauti ileile, bila kuinua macho. Mdogo wangu alikaa kando yangu akiwa ameshika ukingo wa benchi. Nadhani alitegemea baba aongeze neno moja, hata la kulaumu. Hakuongeza.

Siku ya kurekodi ukungu ulishuka vizuri, mzito, ukafunika migomba na mashamba ya tangawizi yote ya bondeni. Tatizo likawa binti. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, na yowe lake lilitoka kwa adabu na kwa upole, kama mtu anayesubiri wenzake waingie. Alijaribu mpaka akakauka koo. Ukungu nao haungojei mtu. Kwa kuwa katika tukio lile binti anaonekana mgongo tu, mdogo wangu akajifunga kitenge cha binti, akanikabidhi kamera, akaniwekea vidole pale panapotakiwa na kuniambia, "Usiizime mpaka nikuambie. Hata kitokee nini."

Akakimbia kuingia ukunguni. Binamu akamfuata na gunia lake kichwani. Kisha mdogo wangu akapiga yowe.

Sikuwahi kumsikia hivyo, hata tulipomzika mama. Sijui alikotoa sauti ile, au labda najua. Mikono ilinitetemeka, na kutetemeka kule kumo kwenye filamu mpaka leo. Watu husifia, wanadhani ni ufundi.

Halafu mlima ukaitika. Kwanza juu, kisha upande wa pili wa bonde, sauti za wanaume na wanawake wakipokezana yowe kutoka nyumba hadi nyumba, na nyayo zikaanza kuteremka. Watu walewale waliokuwa kanisani Jumapili. Walitokea ukunguni mmoja mmoja: seremala na nyundo, akina mama wa kikundi na majembe, mmoja na mwiko uliokuwa bado na uji. Bibi jirani, aliyekwisha kuuawa, alikuja na fimbo. Na mbele yao wote, akiwa na kiatu kimoja cha mvua na mguu mwingine mtupu, panga mkononi, alikuwa baba.

Baba ana goti bovu. Kwa kawaida kuteremka pale kunamchukua muda mrefu na maneno mengi. Alimpita binamu bila kumtazama, akapiga magoti kwenye tope, akamshika mdogo wangu mabega na kumuuliza kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, ile anayosali kwayo akiwa peke yake, "Umeumia wapi? Mwanangu, umeumia wapi?"

Binamu, alipoona majembe yamemzunguka, alivua gunia haraka na kuanza kuamkia wazee wote, mmoja baada ya mwingine, shikamoo, shikamoo, mikono juu. Watu wakashusha majembe. Mtu akaanza kucheka. Baba akainua kichwa, akaniona mimi na kamera. Sikuwa nimeizima. Akasimama, akautafuta ule mguu mwingine wa kiatu, na akapanda zake.

Baada ya hapo hakusema hata na mimi.

Mdogo wangu alikaa na picha zile akizitazama na kuzirudia. Alichokuwa amekipanga, yowe lisiloitikiwa, hakikuwapo tena. Alichopata kilikuwa bora, hata mimi nililiona hilo. Filamu za namna hii zinataka mtu aachwe peke yake, na kwetu hakuna namna ya kumwacha mtu peke yake akilia. Muuaji wake alikuwa amepata kijiji kisichomfaa. "Huu ndio mwisho wa filamu," aliniambia. "Nikiuweka, nimemwanika baba mbele ya kanisa lake. Nisipouweka, sina filamu. Na siwezi kumwomba, kwa sababu hatanijibu."

Nikaenda kumwomba mimi. Nilimkuta akichagua tangawizi za mbegu, nikamweleza yote, hata kile kiatu. Alivunja kipande kimoja, akakinusa, akakitupa kwenye rundo la zinazofaa. "Filamu ni yake," alisema. Basi. Tulilichambua neno lile usiku na mchana kama mstari wa Maandiko, mimi nikisema amekubali, mdogo wangu akisema amenawa mikono. Mwisho aliuweka.

Filamu ilionyeshwa Jumapili alasiri, baada ya ibada, kwenye ghala la kikundi cha tangawizi. Madirisha tuliyaziba kwa magunia, na shuka langu jeupe likatundikwa ukutani. Watu walijaa mpaka juu ya marundo ya magunia. Baba aliingia watu walipokwisha kukaa, akasimama karibu na mlango, kofia kichwani. Mdogo wangu alikuwa kando ya projekta.

Walicheka kwenye nyuki. Kwenye shikamoo ya kwanza walicheka na kupiga kelele kwa pamoja, na akina mama walifunika macho ya watoto huku wenyewe wakichungulia. Nilisahau kuwa damu ile niliipika mimi. Nilimshika jirani yangu mkono. Ukaja ukungu, likaja yowe, wakaja watu, kila mmoja akishangiliwa anapojitambua. Baba alipotokea na kiatu kimoja, ghala lilitaka kupasuka. Kisha akapiga magoti. Mdogo wangu alikuwa ameondoa sauti nyingine zote hapo, akabakiza ile moja tu. Umeumia wapi? Mwanangu, umeumia wapi? Baadhi ya watu wakatazama chini, kama watu walioingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi.

Picha ilipokwisha hakuna aliyejua afanye nini. Ni rafiki wa baba, mzee mwenzake wa kanisa, aliyetuokoa kwa utani. "Mzee," alisema kwa sauti ya kusikika, "si wewe uliyetusomea tangazo tusishtuke? Mbona ulikimbia kutushinda wote?"

Ghala zima likageukia mlangoni. Baba alivua kofia. Nilikuwa tayari kumchukia. Hakumtazama rafiki yake. Alimtazama mdogo wangu, moja kwa moja, watu wote wakiona.

"Tangazo nililisoma mwenyewe," alimwambia. "Lakini ulivyolia vile, mwanangu, hata ningekuwa kaburini ningetoka."

Watu walicheka wakapiga makofi. Mdogo wangu alijaribu kucheka nao, akashindwa, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Baba alipita katikati ya watu akichechemea, wakampisha, akaketi kando yake juu ya gunia la tangawizi, na akamwomba aianze tena filamu kutoka mwanzo, kwa sababu mlangoni alikuwa haoni vizuri.