Dawa ya Chunusi na Sindano ya Kaka

Kabla sauti hazijaanza kumsemesha, kaka yangu aliendesha lori letu la kuleta mbuzi sokoni kutoka Biliqo. Majirani walisema ni majini. Daktari alisema ni skizofrenia, akamwandikia sindano ya kila mwezi iliyomtuliza na kumwacha mzito, mwenye usingizi.

Kisha nikasoma kwamba watafiti wamejaribu antibayotiki moja ya chunusi kwa wagonjwa kama yeye. Nikamuuliza daktari. Akasema majaribio mengine yalionyesha nafuu kidogo, mengine hayakuonyesha kitu. Alikubali tujaribu, mradi sindano isiachwe.

Kaka aliigeuzageuza ile pakiti ya dawa.

"Hii ni ya kuua viini?"

Nikamwambia ndiyo, lakini kwake tulitaka itulize mwasho ndani ya ubongo, si kuua viini. Hakunisikia tena.

"Basi nilikuwa mgonjwa kama watu wengine," alisema. "Sikuwa mwendawazimu."

Mama alilia kwa furaha. Kesho yake alizunguka mtaa mzima akisema mwanawe ana viini tu, na watu waliokuwa wakimkwepa kaka wakaanza kumtolea salamu. Ningemrekebisha mama vipi? Nilijaribu, akaniambia nina roho ngumu.

Siku ya sindano ilipofika, kaka alikataa. Alisema hakuna mtu wa viini anayedungwa dawa ya wazimu. Mama akasimama upande wake. Nilieleza, nikasihi, nikafoka, nikampigia daktari simu aongee nao mwenyewe. Kaka alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, kisha akabaki na msimamo wake.

Haikuchukua muda. Akaanza kuziba dirisha kwa magunia na kukataa maji ya nyumbani. Asubuhi moja hakuwepo. Dereva mmoja aliyewahi kufanya kazi naye alimkuta barabara ya Kulamawe, miguu mitupu, akiwaonya wachungaji kwamba visima vimetiwa sumu. Alimbembeleza akapanda, akaturudishia.

Nilimpeleka kwa daktari, sindano ikarudi. Antibayotiki ikasimamishwa. Nilimuuliza daktari kama ingemsaidia, angalau kidogo, kama kaka angetumia dawa zote mbili.

"Sijui," alisema. "Na kwake yeye, sasa hatuwezi kujua."

Kaka amepona kiasi cha kukaa na watu, ila bado anasinzia mchana. Mama siku hizi anapita nyuma ya soko asiulizwe kuhusu vile viini. Kaka hanilaumu kwa kuleta ile dawa. Ananilaumu kwa sindano.